Jina Asiloitikia Kaka

Kwetu mtu akitoka jandoni, jina la utoto hulivua na kuliacha hukohuko. Anarudi nyumbani na jina jingine, mara nyingi la babu au la mjomba, na kuanzia siku hiyo ukimwita lile la zamani umemvunjia heshima. Wazee wanasimulia kwamba enzi zao ulitozwa kuku. Siku hizi hutozwi kitu, unanuniwa tu, na kwa kununa kaka yangu hana mpinzani wilaya nzima ya Nachingwea, hata ukiongeza na Ruangwa.

Wasichana nao wana yao. Mimi nilipochezwa unyago nilipewa jina jipya, shuleni wakaandika jingine, na kitambulisho changu kina la tatu. Naitika yote. Ukiniita kwa ajili ya chakula naitika hata la jirani. Kaka si hivyo. Aliingia jandoni na jina lake, akatoka na jina la mjomba wetu, yaani kaka yake mama, na tangu hapo lile la kwanza halisikii. Aliyeshindwa kubadilika ni mama. Mpaka leo anamwita mwanawe jina la utoto, mbele za watu, mbele ya wakwe, bila wasiwasi wowote.

Mambo yangeishia kwenye kununa kama si jirani yetu pale kijijini, kata ya Naipingo. Jirani huyu ni mtu mzima, mkulima wa ufuta. Familia yao ilivuka kutoka Msumbiji zamani, ni Wakristo, na kwao jina ulilopewa mchanga ndilo utakalozikwa nalo. Sasa jina lake ni lilelile la utoto la kaka. Basi kaka akija nyumbani kutembea, mama akamwita kutoka jikoni, kaka anaendelea kunywa chai kana kwamba hakuna aliyefungua mdomo, na kutoka ng'ambo ya ua jirani anaitika, "Naam, mama!" Anakuja mbio. Mama, aliyetaka mwanawe amshushie gunia, anaona aibu kumrudisha mtu aliyekuja kwa adabu, na gunia linashushwa na jirani. Miaka na miaka bwana huyu amepasua kuni zetu, amekamata majogoo wetu, ameezeka jiko letu, kwa ajili ya jina tu. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini.

Nimeanza na haya kwa sababu bila hayo yaliyotokea Namungo, machimboni kwa kaka, hayataeleweka, na mimi mwenyewe nilichelewa kuyaelewa.

Kazi yangu ni kuandika programu. Naishi Nachingwea mjini, nimepanga chumba katika nyumba moja ya zamani, zile zilizojengwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, zenye kuta nene na madirisha makubwa. Mtaani wananijua kama yule dada wa kompyuta. Wananiletea simu zilizoingia maji, redio zilizonyamaza, na mara moja mwenye bodaboda aliniletea pikipiki. Siwalaumu, maana kazi yenyewe haionekani. Naandika maelekezo yanayokaa ndani ya vifaa vidogo, na kifaa kikifanya kazi vizuri hakuna anayekumbuka kwamba ndani yake kuna maandishi ya mtu.

Kifaa ninachokizungumzia nilikitengeneza kwa sababu ya woga. Kaka anachimba dhahabu Namungo, wilaya ya Ruangwa. Mashimo yao wanayaita maduara, na duara lao linashuka wima kama kisima, kisha linageuka na kwenda chini kwa chini kufuata mwamba. Kule ndani mtu anaogopa kifusi, lakini mimi nilikuwa naogopa hewa. Hewa mbaya haikupigii hodi. Unaona usingizi, unakaa upumzike kidogo, basi. Wachimbaji walikuwa wakiteremsha mshumaa kwa kamba, ukizimika hawashuki, na ni utaratibu mzuri kwa hewa ya aina moja. Moshi wa injini hauzimi mshumaa, unamzima mtu. Na kaka ndiye aliyenisomesha baba alipofariki, kwa jasho la maduara hayohayo. Nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta yangu nawaza kwamba elimu hii yote imetoka kwenye shimo, na aliyeitoa bado yumo shimoni.

Kwa hiyo nikatengeneza kisanduku. Kinakaa mdomoni mwa duara, na waya mrefu unashusha kihisio kinachoipima hewa kule chini. Hewa ikiharibika, king'ora kinalia. Kina betri inayochajiwa na sola, na betri ikikaribia kwisha inawaka taa nyekundu, hapo watu wote wanapanda, kwa sababu kisanduku kikizima hakuna tena wa kuwaambia habari ya hewa. Ndani nimeweka laini ya simu ili niweze kukirekebisha nikiwa Nachingwea. Wenzake kaka mwanzoni walikicheka, wakakiita redio isiyopiga muziki. Baadaye wakawa hawashuki mpaka wameona taa yake ya kijani.

Shida ilikuja kwenye nafasi. Chipu iliyomo ndani ni ndogo, na programu kila nikiiongezea kitu inanenepa, mpaka siku moja ikakataa kuingia. Maandishi yangu yanageuzwa kuwa lugha ya chipu na programu nyingine tunayoiita kompaila. Kwa kawaida kompaila inashughulika na faili mojamoja. Inamaliza faili la hewa, inaliweka kando, inachukua la betri bila kukumbuka lile la kwanza, na mwisho yote yanaunganishwa kuwa kitu kimoja. Lakini unaweza kuiambia isubiri. Unaiambia ifike kwanza kwenye kuunganisha, iyatazame mafaili yote kwa pamoja, ndipo ianze kubana. Hapo inaona mengi ambayo mwanzo haikuweza kuyaona: hiki hakitumiki, kitupwe, hiki kinaitwa mahali pamoja tu, kimezwe na mwenzake. Nikaiwasha namna hiyo. Programu ikapungua, ikaingia, na nafasi ikabaki. Siku hiyo nilijipongeza kwa chipsi mayai.

Nisichokitilia maanani ni majina. Programu yangu imegawanyika katika vipande vidogo, sisi tunaviita fanksheni, na kila kipande kina jina lake. Katika faili la hewa nilikuwa na fanksheni iitwayo soma, kazi yake kusoma hewa. Katika faili la betri nilikuwa na nyingine, nayo inaitwa soma, kazi yake kusoma betri. Hapo hapana kosa. Kila moja nilikuwa nimeitangaza kuwa ni ya ndani ya faili lake tu, ni wajina wawili kila mmoja nyumbani kwake. Ila kompaila ikiwakusanya wote ukumbi mmoja haiwezi kuwa na soma wawili. Inawabandika mikia: nukta, herufi zake kadhaa, nukta tena, kisha namba. Haikuulizi wala haikuambii. Kisanduku chenyewe hakipati taabu, maana huko ndani wanajuana. Anayepata taabu ni mgeni anayetoka nje na jina la zamani mdomoni.

Mgeni huyo alikuwa zana yangu ya kutuma viraka, yaani marekebisho madogo. Mtandao wa kule machimboni ni wa kubahatisha, siwezi kutuma programu nzima kila nikigusa kitu. Natuma fanksheni moja tu iliyorekebishwa, ikakae mahali pa ile ya zamani. Zana ninaipa jina, yenyewe inatafuta jina hilo limekaa wapi ndani ya programu, kisha inapeleka kiraka mahali hapo. Ilikuwa imefanya hivyo muda mrefu bila matatizo.

Mvua zilikuwa njiani, na nilijua unyevu utakipotosha kihisio, kwa hiyo nikaandika soma mpya ya hewa, yenye kuhesabu na unyevu. Nikaiambia zana itume. Ikanijibu kwamba jina hilo halipo. Nikajaribu tena, halipo. Nikafungua programu kutazama, nikaikuta soma na mkia wake, nikacheka peke yangu, maana nilimwona kaka na kikombe chake cha chai. Nikaifundisha zana kwamba ikikuta jina lenye mkia ikate mkia huo, ilinganishe kilichobaki. Ikaitika mara moja kwamba imepata. Nikatuma kiraka, kisanduku kikajibu kwamba kimepokea, nami nikaenda zangu Naipingo kumsaidia mama kuokota korosho.

Nilikuwa barazani nachambua korosho siku kaka alipopiga simu. Niliweka sauti kubwa ili mikono yangu ibaki na kazi.

"Mdogo wangu, hii betri uliyoweka humu umeitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Haiishi! Huku mawingu tu, sola imekaa kama pambo, na kisanduku kinasema betri imejaa pomoni. Wenzangu wanauliza kama unazo za kwenye simu."

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Kaka hasifu ovyo. Nikaanza hata kutafuta maneno ya kujifanya si kitu. Wakati huohuo mama, aliyekuwa jikoni, akaisikia sauti ya mwanawe simuni, naye kwa furaha akaita jina la utoto kwa nguvu zake zote, amsalimie. Simuni kukawa kimya. Kutoka ng'ambo ya ua ikaja sauti, "Naam, mama!" na jirani akatokea na panga mkononi, uso umekaa kikazi, anauliza kinakatwa nini.

Safari hii sikucheka. Nilimtazama yule bwana na panga lake, mtu mwema, amekuja upesi kuliko mwana mwenyewe, na siye aliyeitwa. Zana yangu nayo ilikuwa imeita soma, na soma mmoja amekuja, lakini nani aliyeniambia kwamba aliyekuja ni wa hewa? Ilikata mikia, ikamchukua wa kwanza iliyemkuta. Kama wa kwanza alikuwa wa betri, basi kiraka changu kimekaa mahali pa betri. Kisanduku kinapima hewa mara mbili, na mara ya pili kinaiita hewa hiyo betri. Na kwa kuwa hewa ilikuwa safi, betri ilikuwa imejaa pomoni.

"Kaka, mmeshuka?"

"Mimi nipo juu. Wawili wapo chini."

"Wapandishe."

"Wewe nawe, hewa nzuri kabisa, taa ya—"

"Wapandishe, kaka. Hiyo betri ni ya uongo."

Kaka ana kiburi cha jina, lakini kwenye kazi ana masikio. Alikata simu bila kubisha. Alipopiga tena alisema watu wote wako juu, na kwamba kisanduku kimezima chenyewe wakati wamekaa wanakitazama. Kimezima kimya, hakuna taa nyekundu wala nini. Nikaziacha korosho zilivyo. Jirani bado alikuwa amesimama. Mama akamwambia, kwa ile aibu yake ya siku zote, amsaidie kusogeza kinu.

Nilirudi mjini siku ileile. Njia fupi ilikuwa kuzima ule ubanaji wa mwisho, majina yabaki kama nilivyoyaandika, lakini programu isingeingia kwenye chipu. Ningeweza pia kuwapa wale wawili majina tofauti, na hilo nililifanya, mmoja soma_hewa na mwenzake soma_betri. Lakini kumbe nilikuwa na wajina wengine wengi. Nilikuwa na anza mbili na funga mbili, maana mtu akiandika peke yake huwa mvivu wa majina. Tena kompaila ikitaka inaweza kuikata fanksheni moja vipande viwili, au kutengeneza nakala yake, na kila kipande kikapata mkia wake. Huwezi kushindana nayo kwa kubadilisha majina usiku na mchana.

Kilichohitaji kubadilika ni namna ya kuita. Niliiandika upya zana yangu. Sasa hairuhusiwi kuja na jina tupu. Inakuja na jina na faili ambamo jina hilo limezaliwa, kama vile ukifika kijijini ukauliza mtu unatakiwa useme wa nyumba ipi. Ikikuta wawili wanaofanana, haichagui, inasimama na kuniita mimi. Ikimkuta mmoja tu, bado haimwamini mpaka imepima umbo lake na kuona ni lile ninalolijua. Na zile fanksheni ambazo najua nitakuja kuzigusa, niliiandikia kompaila waziwazi kwamba hizi usizimeze na usizibadilishe jina. Kwa zilizobaki nikatengeneza mahali pa kuweka jina la zamani pembeni ya jipya, ili nikiita lolote kati ya hayo mawili nifike kwa mwenyewe. Kazi hiyo ilinipa utulivu. Kuna raha katika kukizuia kitu kisibahatishe.

Kisanduku kilichokwisha kuharibika namna ile nisingekirekebisha kwa simu, ilibidi niende na waya. Mama aliposikia nakwenda Ruangwa akasema na yeye anakwenda, hajamwona mwanawe tangu mfungo. Nilimwambia machimboni si mahali pa kukaa mtu mzima, akaanza kukunja khanga zake kana kwamba sijasema.

Njiani nilimuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza. Nilisema, "Mama, kwa nini humwiti jina lake?"

Alitazama nje. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, na mambo ya moyoni huyasema kwa Kimwera, lakini siku ile alianza kwa Kiswahili, pengine ili yasimguse sana. "Nikiliita lile," akasema, "anayenijia machoni ni kaka yangu. Naona anakuja. Halafu anakuja mwingine." Kisha akahamia Kimwera, akanieleza kwamba mjomba alikuwa na mwezi tu kaburini wanaume walipolichukua jina lake wakampa mwanawe yeye mama, kwa heshima, na hakuna aliyemuuliza. Mwanawe alimzaa na jina lake, akasema, na hilo ndilo analolijua mdomo wake.

Kumbe miaka yote nilikuwa nacheka jambo linalomuuma mama yangu. Niliona aibu, nikamshika mkono, akauacha ushikwe.

Namungo tulikuta vumbi na karasha zinasaga mawe, kelele mpaka mnazungumza kwa kupiga mayowe. Siku hiyo kulikuwa na mechi, na wachimbaji wengi walikuwa wameshuka na jezi ndani ya nguo za kazi ili wakipanda waende moja kwa moja uwanjani. Kaka alimwamkia mama, akambebea kifurushi, akamkalisha juu ya magunia chini ya turubai. Mama akasema ahsante na akamwita lile jina. Kaka akageuka kunionyesha kisanduku kilipo.

Nilichomeka waya, nikaweka programu mpya, nikapima kimoja kimoja. Hewa ilisoma hewa na betri ilisoma betri, nayo ilikuwa nusu.

"Nusu tu?" kaka akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

"Ile ya kwanza ingekuzika."

Alicheka, akavaa tochi yake ya kichwani, akashuka na wenzake. Mimi nikabaki natazama taa ya kijani.

Wana utaratibu wao wa kuita. Mshika kamba anakaa mdomoni mwa duara, na pembeni yake linapita bomba la kupulizia hewa, ambalo linafika mpaka mwisho wa njia ya chini. Akitaka kujua nani yuko wapi anaita jina ndani ya bomba, na aliye chini anajibu kwa kutikisa kamba, kwa sababu sauti ya kutoka chini haishindani na karasha. Aliyekwisha kupanda anasema nimetoka. Ni utaratibu unaofanya kazi vizuri kila siku, isipokuwa siku ya mechi watu wanapanda mmojammoja kabla ya saa zao.

Alasiri wenye duara lililo karibu waliwasha pampu ya petroli kutoa maji, na moshi wake ukapenya chini kwa chini. Hatukuuona. Kisanduku ndicho kilichouona. King'ora kililia, taa ya kijani ikazima, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha kwamba kimefanya kazi. Nilipiga magoti nikawa nasoma namba zake.

Mshika kamba alianza kuita, maana king'ora kinasikika juu tu. La kwanza, kamba ikatikisika, wakamvuta mtu. La pili, hivyohivyo. Akaita jina la kaka, lile la jandoni, na nyuma yetu kijana mmoja mwenye jezi akaitika kwa sauti kubwa karibu kabisa na bomba, "Nimeshatoka!" Jina la mjomba wetu ni jina la watu wengi huku kusini. Mshika kamba akalihesabu kuwa limetoka, akaenda jina linalofuata. Mimi nilikuwa bado na namba zangu.

Mama alisimama. "Mwanangu hajatoka."

"Ametoka, bibi," mshika kamba akasema. "Ameitika mwenyewe."

"Aliyeitika si mwanangu."

Niliinua kichwa, nikatafuta uso wa kaka kati ya nyuso zilizokuwa pale, sikuuona. Nilitaka kupiga kelele lile jina lake, nikaona kijana mwenye jezi ananitazama, na nikajua ataitika tena. Mama alikwisha kufika kwenye bomba. Aliinama, khanga imemwanguka begani, akaita jina la utoto.

"Bibi," mshika kamba akasema kwa upole, "humu hatuna mtu wa jina hilo."

Mama hakumtazama. Aliita tena, kama anavyoita kutoka jikoni Naipingo, bila hasira na bila kuomba. Kamba ilikuwa imetulia. Akaita tena. Nilikuwa nimeishika kamba ile kwa mikono yote miwili na nilikuwa nalia bila kujua, nikimwomba kaka moyoni, leo tu, leo tu itika.

Kamba ikatikisika. Ilitikisika kidogo, nikadhani ni mikono yangu, kisha ikatikisika kwa nguvu, na mshika kamba akanisukuma kando wakaanza kuvuta.

Alitoka amejaa vumbi, miguu haimtii. Wakamkalisha juu ya magunia, upande upepo unakotoka. Baada ya muda aliweza kusema. Alikuwa mwisho kabisa wa njia, nyundo mkononi, kichwa kizito. Alilisikia jina lake kwenye bomba, akasikia na mtu akilijibu kule juu, akaona basi wanaitana wao kwa wao. Akakaa chini apumzike kidogo. Ndipo akasikia lile jingine, akatambaa mpaka kwenye kamba.

Mama alikuwa anamfuta uso kwa ncha ya khanga, na yeye ameachia kichwa kimlalie begani mbele ya wachimbaji wote. Mshika kamba alikuwa bado anahangaika, anatazama huku na huku akitafuta mtu mgeni.

"Jamani, hilo jina analoliita bibi ni la nani?"

"Ni langu," kaka akasema, akaomba maji.